Rubani na Msukani: Habari za Mkono na Mtambo katika Ndege za Afrika Mashariki

Neno rubani ni kongwe katika Kiswahili kuliko ndege za kurushwa kwa mitambo, na yeyote atakaye kuandika habari za urubani wa pwani hii hana budi kuanza baharini. Neno lenyewe latokana na Kiarabu, kama maneno mengi ya chomboni. Sukani nalo ni la Kiarabu, na nahodha asili yake ni Kiajemi. Katika jahazi kila mtu alikuwa na cheo chake. Nahodha alikuwa mkuu wa chombo na mwenye dhamana ya shehena. Sarahangi alisimamia mabaharia na kamba zao. Msukani alishika usukani na kufuata alivyoamriwa. Rubani hakuwa hata mmoja wa hawa. Yeye alikuwa mjuzi wa njia: alijua mwamba ulipo, alijua kina cha mlango wa bandari maji yakiwa yametoka, alijua nyota ya kufuatwa na majira ya pepo. Mara nyingi mtu mmoja alikuwa nahodha na rubani pamoja, lakini kazi zilikuwa mbili, na jina lilikuwa la kazi wala si la mtu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo neno hili kwa maana ya kiongozi wa chombo, na maana hiyo ndiyo iliyorithiwa na ndege.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa Malindi, mwaka 1498. Vasco da Gama alifika huko na merikebu zake, naye alikuwa na dira na ala za kupimia jua. Alichokikosa ni mtu aijuaye njia. Mfalme wa Malindi akampa rubani, na merikebu zikavuka bahari mpaka pwani ya Bara Hindi kwa muda wa siku 23 hivi. Waandishi wa Kireno walimtaja rubani huyo kwa jina la Malemo Cana, na wataalamu hulieleza hilo “malemo” kuwa ni neno la Kiarabu lile lile lililotupa sisi “mwalimu”. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba mtu huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni. Wachunguzi wengi hawalikubali tena jambo hilo, na pengine alikuwa mtu wa Gujarati. Kwetu sisi jina lake si kitu. Kilicho kitu ni kwamba mabaharia wa Kireno waliendelea kushika sukani zao wenyewe, na rubani hakuwanyang'anya. Yeye aliwaambia waelekee wapi na lini.

Nimeanza mbali kwa sababu hoja ninayotaka kuieleza yategemea tofauti hiyo. Tangu miaka mingi marubani, mainjinia na wakaguzi wa usafiri wa anga wamekuwa wakihojiana juu ya jambo moja: je, rubani wa ndege za abiria aiendeshe ndege kwa mkono wake, au awaachie mitambo na kompyuta, yeye abaki mwangalizi? Hoja hiyo huelezwa kana kwamba mtu na mashine wanagombea kiti kimoja. Nikitazama historia ya anga la Afrika Mashariki, naona kwamba viti vilikuwa viwili tangu zamani. Mtambo umekalia kiti cha msukani. Kiti cha rubani haujakikalia, wala haukudai kukikalia. Shida imetokea penginepo: kwamba rubani wa ndege hupatikana kwa kufinyangwa kutoka katika msukani, na msukani akikosa kazi, haijulikani rubani wa kesho atatoka wapi.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya sarufi. Watu wa pwani walipoiona eropleni waliiita ndege, na wengine ndege ya Ulaya, kwa mfano wa kiumbe arukaye. Lakini hawakuipa upatanisho wa kiumbe. Twasema “ndege huyu ametua” tukimtaja kunguru, na “ndege hii imetua” tukitaja chombo. Jina ni moja na uhai umewekwa kando, tena bila ya kamati yoyote kukaa na kuamua. Rubani, kwa upande wake, amebaki katika ngeli ya watu. Nitalirudia jambo hili mwishoni, maana lina faida katika kuunda istilahi.

Basi na tuje Dar es Salaam. Mlango wa bandari yake ni mwembamba na una kona, na meli kubwa haziingii ila kwa kuongozwa na rubani wa bandari. Ndani ya mlango huo maji hupanuka, upande mmoja ni mji na upande mwingine ni Kurasini na nchi ya Temeke. Hapo ndipo, mwaka 1937, zilipoanza kutua ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways, zilizokuwa zikitoka Southampton kwenda Durban, zikipita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Wakati wa ndege hizo jina la rubani lilitumika kwa watu wawili katika maji yale yale: mmoja akiingiza meli, wa pili akiteremsha ndege juu ya mawimbi. Sidhani kwamba kuna mahali pengine ambapo neno limevuka kutoka chombo kimoja kwenda kingine kwa safari fupi kama hiyo.

Ndege za wakati ule zilikwisha kuwa na mtambo wa kuzishika sawasawa. Asili yake ni pia, ile ile wachezeayo watoto. Pia ikizungushwa kwa kasi hukataa kuinamishwa. Ukiifunga ndani ya ndege, itakuonyesha daima upande wa juu, hata mawingu yakiwa yamekuzunguka. Mmarekani Lawrence Sperry aliunganisha pia za namna hiyo na sukani za ndege, na mwezi wa Juni 1914 aliruka juu ya mto Seine, karibu na Paris, mikono yake ameiinua watu waione, na fundi wake ametoka na kusimama juu ya bawa. Ndege haikuyumba. Marubani wa jeshi la anga la Uingereza baadaye waliubandika mtambo huo jina la George, kama mtu anayepewa mtumishi mpya asiyejua jina lake. Huyo George alijua kushika upande na kimo alichowekewa. Hakujua kulikuwa na nini mbele yake.

Shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946 kwa ndege ndogo za de Havilland, kisha likatumia Dakota kwa miaka mingi. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota yake moja, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iliugonga mlima Kilimanjaro upande wa Mawenzi, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Ajali hiyo huwekwa katika hesabu ya ajali za hali ya hewa, na ndivyo. Lakini kwa hoja yetu ni ajali ya njia. Chombo kinaweza kushikwa vizuri kabisa, na mkono wa mtu au pia ya chuma, kikaenda moja kwa moja kwenye mwamba. Waliotangulia majini walilijua hilo vema, ndiyo maana walimlipa mtu asiyeshika kitu.

Miaka iliyofuata ilileta Comet mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966. Shirika lilivunjika mapema mwaka 1977; Kenya Airways ikaundwa Januari mwaka huo, na Air Tanzania mwezi Machi. Nayapita haya upesi, kwani historia ya mashirika imekwisha kuandikwa na wengine. Lililo muhimu ni kwamba katika muda huo mtambo ulibadilika tabia. Pia ya Sperry ilishika kile ilichopewa. Mitambo ya jeti za baadaye ilifundishwa kufuata njia nzima iliyoandikwa kabla ya kuondoka, kupanda na kushuka, kupunguza na kuongeza nguvu za injini, na hata kutua: mwezi wa Juni 1965 ndege ya Trident ilitua Heathrow ikiwa na abiria kwa kuongozwa na mtambo. Tena, tarehe 25 Septemba 2008, utaratibu mpya wa kupunguza nafasi kati ya kimo na kimo ulianza kutumika katika anga la Afrika. Tangu siku hiyo ndege zipitazo kati ya futi 29,000 na futi 41,000 hupishana kwa futi 1,000 tu, na sharti ni kuwa na mtambo wa kushika kimo. Yaani kule juu mkono wa mtu haukubaliwi tena kuwa wa kawaida. Si suala la uvivu wa marubani, kama wasemavyo baadhi ya wazee wa kazi hiyo. Ni sheria, na sheria yenyewe ina akili, kwani mkono huchoka na futi 1,000 si nyingi.

Sasa nafika kwenye tukio ambalo naliona kuwa kitovu cha habari yote, nalo halikutokea kwetu bali katika pwani ya upande wa pili wa bara, ingawa ndege ilikuwa ya Kenya Airways na ilikuwa ikirudi Nairobi.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007 ndege hiyo, Boeing 737-800, ilikuwa Douala, Kamerun, ikitoka Abidjan. Palikuwa na dhoruba. Baada ya kungoja iliondoka kidogo baada ya saa sita ya usiku, gizani, pasipo upeo wa macho wala taa za mji mbele yake. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52, na msaidizi wake miaka 23. Mkuu ndiye aliyeishika. Ndege ilikuwa na mwelekeo mdogo wa kuegama kulia, naye alikuwa akiurudisha kidogo kidogo. Ilipofika kama futi 1,000 alitamka maneno mafupi ya Kiingereza ambayo maana yake kwa desturi ya chumba cha marubani ni kwamba mtambo ushike sasa. Kisha akaacha kuisahihisha ndege.

Mtambo haukushika, na msaidizi hakuitikia. Kwa muda wa karibu dakika moja hapakuwa na mtu wala mtambo ulioishika ndege, nayo ikaendelea kulala upande wa kulia polepole sana, kwa kadiri ambayo mwili wa binadamu hauihisi. Sauti ya onyo ilipolia ndege ilikuwa imeegama karibu digrii 35. Rubani mkuu akaukamata usukani kwa ghafula, na katika giza lile akauzungusha kulia, kushoto, na kulia tena. Ndege ikapinduka, ikaanguka katika kinamasi cha mikoko karibu na Mbanga Pongo, umbali usiofika kilometa 6 kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa. Ilichukua karibu siku mbili kuyapata mabaki yake, ijapokuwa yalikuwa karibu na kiwanja kiasi hicho.

Taarifa ya uchunguzi ya serikali ya Kamerun, iliyotolewa mwaka 2010, ilitaja kupotewa na mwelekeo, kukosa uangalizi na kukosa ushirikiano baina ya marubani wawili. Waliosoma taarifa hiyo wamegawanyika. Wako waonao kwamba ni ushahidi wa madhara ya mitambo: mkono ulizoea kupumzishwa upesi mno, hata ukasahau. Wako waonao kinyume chake, na hoja yao si dhaifu: kama mtambo ungalishika kweli, ndege ingalinyooka yenyewe na kwenda Nairobi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinatazama kitu kisicho kiini. Ndege ya Douala haikuuawa na mtambo wala na mkono. Ilikufa katika nafasi iliyo kati ya viwili hivyo, na nafasi hiyo hujazwa kwa neno. Neno lilitamkwa, nalo halikujibiwa.

Hapa wanalugha tuna haki ya kusema kitu. Katika jahazi amri haikuwa amri mpaka imeitikiwa. Mwenye kuamuru huita, na mwenye kutenda hujibu, na jibu lake si adabu tu bali ni sehemu ya kazi, kwani upepo hupeperusha sauti na usiku hauonyeshi mikono. Marubani wa leo wanayo desturi hiyo hiyo iliyoandikwa vitabuni: mwenye kuukabidhi usukani hutamka, mwenye kuupokea hutamka, na mtambo nao huandika kwenye kioo alama ya kuonyesha kwamba umeshika, ambayo mmoja wao yampasa aisome kwa sauti. Desturi ni nzuri. Lakini yadai kijana wa miaka 23 amwambie mtu wa umri wa babaye, “Mzee, haujashika.” Atakayefikiri kwamba jambo hilo ni jepesi hajakaa barazani kwetu. Heshima tuliyolelewa nayo ina thamani kubwa, ila haikutungwa kwa ajili ya chumba chenye viti viwili na giza mbele.

Ajali ya pili ninayotaka kuieleza ni kama kinyume cha ile ya kwanza. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX 8, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi ikiwa na watu 157, na kati yao 32 walikuwa Wakenya. Katika ndege za aina hiyo watengenezaji walikuwa wameweka mtambo mpya wa kuinamisha pua ya ndege pindi inapoonekana kuinuka mno, na habari zake hazikuwamo katika vitabu vya marubani mpaka ndege ya Lion Air ilipoanguka Indonesia mwezi Oktoba 2018 na kuua watu 189. Juu ya Addis Ababa kipimo kimoja cha upande wa kushoto kilitoa hesabu za uongo. Mtambo ukaziamini, ukaanza kuisukuma pua chini tena na tena. Marubani wakakata umeme wa mtambo huo, kama walivyoelekezwa, wakajaribu kuzungusha gurudumu la mkono ili kuirudisha ndege. Gurudumu halikuzunguka. Mwendo ulikuwa mkali, na nguvu ya hewa ilikuwa imelibana. Wakaurudisha umeme, na dakika sita hivi baada ya kuruka ndege ikajikita ardhini karibu na Bishoftu.

Waethiopia na wachunguzi wa Marekani na Ufaransa hawakupatana kabisa katika kugawa lawama. Wa nje walitaka mwendo wa marubani utazamwe zaidi. Sina la kuongeza katika shauri hilo. Nataka tu kuonyesha kwamba huku mkono ulitaka kazi na ukanyimwa. Msukani wa chuma alifanya kazi yake kwa utii, kama alivyofanya siku zote, na aliyempa habari alikuwa mwongo. Rubani alijua kwamba habari ni za uongo, lakini hakuwa na sukani ya kutosha mkononi.

Katika mwaka ule ule wa 2018 Air Tanzania, baada ya kufufuliwa, ilikuwa imepokea jeti zake mpya, na mwezi wa Desemba ikawa shirika la kwanza la Afrika kurusha Airbus A220-300. Hii ndiyo jeti ya safari za mikoani na nchi jirani, na inafaa tuitazame kidogo. Rubani wake hana usukani mbele ya kifua. Ana kijiti kidogo ubavuni. Akikisukuma, hakuna waya wa chuma unaovutwa. Kompyuta hupokea ombi lake, hulipima, na kuzisukuma sukani za mabawa kwa kadiri inayoona salama. Kwa hiyo hata anaposema kwamba anaendesha kwa mkono, mkono wake ni kama barua kwa karani. Kando yake, katika kiwanja kile kile cha Dar es Salaam, husimama ATR za Precision Air, ndege za pangaboi, ambazo ndani yake nyaya na vyuma huunganisha mikono ya rubani na sukani moja kwa moja. Upepo ukiipiga ndege, huupiga mkono pia. ATR haziruki juu kufikia futi 29,000, basi sheria niliyoitaja haiwahusu marubani wake.

Mkaaji wa Buguruni au Vingunguti, anayepitiwa juu na ndege zinazokuja kutua kutoka upande wa bahari, au wa Yombo kule Temeke anayezisikia zikiongeza nguvu ili kupaa, hawezi kuzitofautisha ila kwa mngurumo. Lakini asichokijua ni kwamba anasikia dakika zile chache ambazo mkono bado una kazi. Safari ya jeti kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza huchukua kama saa moja na nusu, na katika muda huo mkono hushika wakati wa kupaa na wakati wa kutua. Kati yake ni mtambo. Karibu ndege zote hutua kwa mkono. Mlango wa bandari, naona, umebaki wa rubani kama zamani.

Iko milango ambayo hata mtambo ukitaka hauwezi kuingia. Mtambo hutua kwa kufuata mwale wa redio unaotoka kiwanjani, na viwanja vingi vya mikoani havina mwale huo. Bukoba ni mmojawapo: njia yake ya kurukia imekaa ukingoni mwa ziwa, upande mmoja maji, upande mwingine miinuko, na rubani huijia kwa macho. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision Air, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, ilikuta mvua na mawingu, ikazunguka ikingoja, kisha ikaja kutua, nayo ikaingia ziwani karibu sana na ncha ya kiwanja. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao, na 24 waliokoka. Waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Sitaki kuipa ajali hii sababu moja ili ifae hoja yangu. Nasema tu kwamba katika nchi yetu ndege iliyojaa mitambo huondoka mjini penye vyombo vyote vya kuiongoza, ikafika mahali ambapo hapana kitu ila macho, mkono na maarifa ya mahali. Na kadiri sehemu ya kwanza inavyokuwa rahisi, ndivyo sehemu ya pili inavyozidi kuwa ngeni kwa mwenye kuifanya.

Je, maarifa hayo hupatikana wapi? Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani huko Soroti, Uganda, na marubani wengi wa nchi hizi walipita hapo. Karibu nasi, Mabibo, mahali palipokuwa Kinondoni kabla ya wilaya ya Ubungo kukatwa, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimeingia katika mafunzo ya usafiri wa anga. Mazoezi ya jeti kubwa hufanywa ndani ya vyumba vya kuigizia safari, na mara nyingi vyumba hivyo viko nchi za nje. Lakini shule yenyewe ya mkono, kwa uonavyo mwandishi huyu, haina ubao mlangoni. Ni zile ndege ndogo za injini moja ziendazo Unguja, Pemba, Mafia na kwenye mbuga, kama za kampuni za Coastal na Auric. Safari ya dakika 20 kuvuka mkondo wa Unguja haimpi mtambo nafasi ya kuona raha. Kijana hupaa na kutua mara nyingi kwa siku moja, juu ya lami, juu ya changarawe, na upepo wa kusi ukimpiga ubavuni. Huyo akiingia katika A220 ana kitu cha kusahau. Ambaye hakupita huko hana.

Nchi nyingine zimelitambua jambo hili baada ya maafa. Marekani ilibadili sheria zake mwaka 2010, baada ya ndege ya mikoani ya Q400, ya aina ile ile iliyonunuliwa na Air Tanzania, kuanguka karibu na Buffalo mwezi Februari 2009 na kuua watu 50. Mtambo ulijiondoa wakati ndege ilipopungukiwa na mwendo, na rubani akavuta pale alipotakiwa kusukuma. Januari 2013 mamlaka ya anga ya huko ikayataka mashirika yawaache marubani wao waendeshe kwa mkono kila hali inaporuhusu. Mashirika hupenda mtambo kwa sababu unaokoa mafuta na abiria hawatikisiki, na sababu hizo ni za kweli. Kila dakika ya mkono ina gharama, na mwenye kuilipa ni mwenye ndege.

Sasa nirudie suala la istilahi. Kiingereza kimeuita mtambo huu rubani ajiendeshaye, na baadhi ya waandishi wetu wa magazeti wameanza kuufuata mfano huo kwa kusema “rubani otomatiki”. Naona kwamba istilahi hiyo haifai. Inauingiza mtambo katika ngeli ya watu, ambayo wazee wetu waliinyima hata ndege nzima. Tena inaupa kazi usiyoifanya, ya kujua njia. Neno tunalo. Mtambo ushikao upande na kimo ulivyoamriwa ni msukani, na ukihitaji kutofautishwa na mtu, waweza kuitwa mtambo-msukani, upatane katika m- na mi-: mtambo-msukani umeshika, mitambo-misukani imeshika. Kwa tendo la kuendesha bila mtambo, “kurusha kwa mkono” latosha na limekwisha kuwa katika vinywa vya watu. Lililobaki gumu ni maneno ya kukabidhiana. Marubani wetu huyasema kwa Kiingereza, nayo ni sheria ya kazi. Lakini anayewafundisha vijana kwa Kiswahili darasani hana neno la kuwapa la kueleza wakati ule ambapo mmoja ameachia na mwingine hajasema. Nimejaribu “achia” na jibu lake “nimeshika”, kama watu wapokezanao kamba, na kwa upande wa mtambo “umeshika”, ambalo lisitamkwe ila na aliyeiona alama kwa macho yake. Wenye maneno bora, hasa kutoka kwa mabaharia wa Lamu, Pemba na Kilwa, ambao huenda wanayo yaliyo tayari, wayalete katika kurasa hizi.